Vichaka Nilivyovizungushia Miiba

Mke wangu ana jina lake la kunitania: Baba Vipepeo. Mtu akibisha hodi nyumbani kwetu Lodwar kuuliza kama fundi yupo, humjibu kwamba fundi wa pampu ametoka, aliyepo ni Baba Vipepeo, labda urudi kesho. Watu hucheka. Mimi pia nilikuwa nacheka. Tangu mwaka jana akiniita hivyo mbele ya wageni natafuta kitu cha kushikashika mkononi.

Nilitaje jambo lenyewe mapema, maana sipendi kuzungukazunguka. Mjukuu wa jirani yangu wa Kakuma alikosa maziwa kwa sababu ya vipepeo wangu. Hakuna aliyenishtaki wala kunigombeza. Hata aliyeumia hakunigombeza, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote.

Kazi yangu ni pampu za sola. Kisima kikikosa maji, muulize Mungu; kikinyamaza kwa sababu ya waya, paneli au mota, naitwa mimi. Familia yangu iko Lodwar, na Kakuma nina chumba cha kupanga, upande wa mjini, karibu na laga, ule mto wa mchanga unaopata maji mvua ikinyesha tu. Sasa, penye pampu pana maji yanayovuja, na fundi atakayekwambia za kwake hazivuji ni mwongo. Na penye tope katika nchi kavu kama hii, vipepeo hushuka kunywa. Nilianza kuwapiga picha nikisubiri gundi ya bomba ikauke. Siku moja nikaiweka picha moja mtandaoni, kwenye ukurasa wa watu wanaotambua wadudu, na mtu wa nchi ya mbali akaniandikia: kutoka sehemu zenu karibu hatuna picha yoyote, tafadhali endelea.

Tafadhali endelea! Mimi, ambaye shuleni hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia niendelee na chochote. Nikaendelea. Nikapakua vitabu vya picha kwenye simu, nikajifunza kutazama mabawa kwa chini na si kwa juu tu, nikajua nani anataga kwenye mti gani. Wale watu wa mtandaoni wakaanza kuniita mtu wetu wa Turkana. Nisidanganye, nilivimba kichwa.

Kuandika vipepeo si kazi ngumu, ni kazi ya kutokuwa na haraka. Unasimama. Unaandika mahali, siku, upepo, aina, wingi wao kwa kukadiria, na wanafanya nini: wanakunywa, wanapandana, wanataga, wanapita tu. Mwezi wa nane upepo bado ni mkali na unawapata wachache, wale wadogo wa buluu wanaotambaa karibu na mikojo ya mbuzi, na yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi, ambaye haogopi mtu. Mwezi wa tisa ni joto na vumbi. Ukifika wa kumi, mawingu yakianza kujikusanya upande wa Uganda hata kama hayatoi kitu, wanatokea wa manjano, kisha wenye ncha nyekundu, kisha weupe wenye mishipa myeusi. Hao weupe ndio wanaosafiri. Siku nyingine wanapita kuanzia asubuhi mpaka jua likaze, wote wakielekea upande mmoja, na watu wa sokoni hawainui hata macho. Nilitaka sana kujua wanazaliwa wapi.

Jirani yangu Kakuma ni mama mzee anayekaa nyuma ya chumba changu, kwenye boma lenye vibanda viwili vya makuti. Goti lake moja ni bovu, anatembea na fimbo. Binti yake alikwenda Lokichar kupikia vibarua, akamwachia mtoto aliyekuwa anajifunza kusimama. Mtoto wa kike, mnene wakati huo, mwenye kelele, akiniona tu anataka koleo langu. Na walikuwa na mbuzi mmoja wa maziwa, jike jeusi. Asubuhi na jioni mama anakamua kikombe, mtoto anakunywa, kidogo kinachobaki kinaingia kwenye chai, na mara nyingi chai hiyo nilikaribishwa mimi.

Kati ya boma lake na laga pana safu ya vichaka vya edung. Anayeijua nchi yetu anaijua edung: majani magumu ya kijivu, kichaka ambacho hakikauki hata jua lifanye nini. Miti mingine ya karibu na mji ilishakatwa kwa kuni na makaa, kwa hiyo mbuzi wa mama alikula hapo. Anafunguliwa, anatembea hatua chache, anakula, anarudi. Mama hakuhitaji kulipeleka goti lake popote.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, nikiwa nimesimama hapo na kikombe cha chai, nikaona kwenye jani la edung kikundi cha mayai madogo ya manjano. Nikainua jani lingine. Mayai. Lingine, viwavi tayari, wadogo kama nyuzi, wamepangana wanakula kutoka ukingoni. Nilijua ni nani hao kabla sijatoa simu. Weupe! Waliokuwa wakipita juu ya vichwa vyetu walikuwa wanazaliwa nyuma ya chumba changu. Nilipiga picha mpaka chai ikapoa.

Na wakati huohuo mbuzi yule mweusi anakula. Jani na mayai yake, jani na viwavi wake, kwake yote ni chakula. Nilimtazama akivuta tawi zima, nikasikia hasira, kweli, hasira juu ya mbuzi. Nikachukua panga, nikaenda kwenye mathenge iliyoota ovyo kando ya laga, nikakata matawi yenye miiba, nikayalaza kuzunguka safu yote ya vichaka. Mathenge ikinichoma nilikuwa natukana, lakini nilimaliza. Hakuna mbuzi ambaye angepita.

Mgeni angefanya hivyo nikamsamehe. Mimi ni Mturkana, mwana wa Mturkana. Najua kabisa miiba ikilazwa hivyo inasema nini. Huku kwetu miti ya kando ya mto ina wenyewe. Baba yangu alikuwa na migunga yake kwenye Turkwel, ya familia, na wakati wa kiangazi hakuna aliyetikisa tawi lake kuangusha maganda ya kulishia mbuzi bila kumwomba. Ukiona matawi ya miiba yamezungushwa, mtu amesema: hii ni yangu, niachieni. Huendi kubishana, huulizi sababu. Unamgeuza mnyama wako, unakwenda kwingine, na ukiwa jirani mwema unamsaidia mwenyewe kulinda. Sikuwa nafikiria hayo. Nilikuwa nafikiria viwavi, basi. Lakini kutofikiria si sawa na kutojua.

Mama alitoka jioni na mbuzi wake, akaikuta miiba. Nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu, nikamwona. Akasimama, akaitazama kutoka mwanzo hadi mwisho, akanitazama mimi na panga langu. Akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jambo la kawaida. Kisha akamshika mbuzi pembe, akamgeuza.

"Ejok," akaniambia, yaani ni vyema.

"Ejok," nikamjibu.

Hapo ndipo ningesema. Ni maneno machache tu, kwa lugha yetu wote wawili: mama, hii si ya kukuzuia wewe, ni wadudu wangu wako humo, vichaka vya mwisho wa safu ni vyako, lisha. Badala yake nilifurahi. Ndiyo, nilimwona akimgeuza yule mbuzi, na moyoni nikasema, afadhali. Nikajiambia ni siku chache, mbuzi hashindwi kujitafutia. Nikaingia ndani kutuma picha.

Nilikusudia kukaa Kakuma mpaka viwavi wajifunge kwenye vifuko. Lakini kesho yake nikapigiwa simu, pampu ya misheni moja kule Nariokotome imekufa na watu wanachota maji ya ziwa. Nikaenda. Mota ilikuwa imeungua, tukasubiri nyingine itoke Kitale. Kabla sijarudi Lodwar nikaitwa Lokitaung, paneli zimeng'olewa na upepo. Halafu nyumbani mtoto wangu wa mwisho akaugua malaria. Siku zikawa wiki. Njiani kote niliwafikiria viwavi: wamekua kiasi gani, ndege hawajawamaliza, nitachelewa kuwaona wakijifunga. Nasema kweli tupu, yule mbuzi hakunijia akilini hata mara moja, wala mtoto.

Niliporudi Kakuma sikuingia hata chumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye edung na begi mgongoni. Miiba ilikuwa pale pale, imara kuliko nilivyoiacha. Na vichaka vilikuwa fito tupu. Viwavi walikuwa wamekula kila jani, safu nzima, hadi maganda ya matawi machanga. Na kwenye fito hizo walining'inia, wamejifunga, vifuko vya kijivu na vya manjano, kila mahali, hata kwenye miiba yangu. Sijawahi kuona kitu kama kile. Nilipiga magoti mchangani nikapiga picha huku nikicheka peke yangu. Furaha ile ilikuwa ya kweli, na mpaka leo sijui nifanye nini nayo.

Nikasikia fimbo nyuma yangu. Mama amekuja, mtoto mgongoni.

"Umerudi," akasema. "Vizuri. Nimechoka."

Akaketi juu ya jiwe, akanipa ripoti. Ndiyo, ripoti, namna mtu anavyompa mwenye mali aliyekuwa safarini. Mbuzi wa watu wa upande wa juu wa laga walikuja mara nyingi, akawafukuza. Kijana mmoja alitaka kuvuta miiba akawashie moto, mama akampiga fimbo ya mgongo. Mwanamume mmoja alibisha, akasema vichaka hivi havijawahi kuwa na mwenyewe, mama akamwambia vina mwenyewe, ni fundi wa pampu, yuko kazini, akirudi mtaongea. Matawi yaliyopeperushwa na upepo aliyarudisha mwenyewe. Kila siku jua likiwa kali alikuwa anakaa pale pale, juu ya lile jiwe, kwa sababu huo ndio wakati mbuzi wa watu hupita.

"Na mbuzi wako?" nikauliza.

"Amekauka."

"Amekauka vipi?"

"Amekauka maziwa. Nilimpeleka kule ng'ambo ya laga goti lilipokubali. Siku nyingine halikukubali." Alisema hivyo bila lawama, anaondoa mchanga kwenye kiatu chake cha tairi.

Nikamtazama mtoto. Alikuwa ameegemeza shavu mgongoni kwa bibi yake na hakutaka koleo. Nywele zilikuwa zimegeuka rangi, shingo imekuwa nyembamba. Mama akaniambia alimpeleka zahanati, wakamzungushia mkanda wa kupimia mkono, ukasimama kwenye njano, rangi ya utapiamlo ulio kabla ya ule mkali wa nyekundu. Wakampa pakiti za karanga zilizosagwa laini. Anakula, alisema, anakula vizuri, si kama wale wa nyekundu.

"Mama," nikasema, "kwa nini hukumwingiza mbuzi? Ungeondoa tu tawi moja. Hawa ni wadudu, mama. Wadudu tu."

"Najua ni wadudu. Si nilikuwa nimekaa hapa nawaona wanakula?" Akacheka kidogo. "Nilisema, huyu fundi ana sababu zake. Si kazi yangu kumuuliza mwenye miti anamlisha nani."

Kama kuna mtu amewahi kupigwa kofi kwa upole, ni mimi siku ile. Nilitaka anitukane. Ningejua la kufanya na tusi. Nilianza kueleza, nikajikanyaga, nikaomba msamaha kwa maneno mengi yasiyo na mpango, na yeye akawa ananitazama kwa wasiwasi, akidhani labda nina homa. Msamaha wa nini? Kwake hakuna kosa lililotendeka. Mtu alizungushia miti yake, jirani akaiheshimu. Ndivyo watu wanavyoishi.

Niliitoa miiba yote kwa mikono. Mbuzi mweusi akaja, akanusa fito ya kwanza, akanusa ya pili, akaondoka. Hakukuwa na kitu cha kula.

Wale weupe walitoka siku chache baadaye, asubuhi. Mama ndiye aliyeniita, akagonga bati la mlango wangu kwa fimbo: "Njoo, watoto wako wanatoka!" Walikuwa wanajikausha mabawa kila mahali, kisha upepo ukaja wakainuka. Mtoto akanyoosha mkono akacheka, cheko la kwanza nililolisikia tangu nirudi, na mama akafurahi kwa sababu mtoto amefurahi. Nikaandika. Mahali, siku, upepo, aina. Wingi nikakadiria. Jioni wale watu wa mbali wakanijaza pongezi. Walisema ni mara ya kwanza kwao kuona rekodi kama hiyo kutoka kwetu. Nikazima simu. Nikaiwasha tena, nikasoma tena pongezi zote.

Nilinunua maziwa ya unga, nikanunua na mafuta na sukari. Mama alipokea, akanishukuru kama mtu anayepokea zawadi, na kila shukrani yake ilinichoma. Nilipomsimulia mke wangu Lodwar, hakunitania. Aliniuliza, "Ungepungukiwa nini ukimwambia?" Nikasema sijui. Akasema, "Unajua." Kisha akaenda kuepua sufuria.

Baadaye kidogo mvua ilinyesha Kakuma, mvua moja tu, ya kelele nyingi, laga ikatiririka usiku kucha na asubuhi ikawa mchanga tena. Nyasi hazikuota. Lakini edung ina mizizi mirefu, haihitaji zaidi ya hapo. Nilisikia kwa simu kutoka kwa fundi mwenzangu kwamba kumekuwa kijani kidogo, nikatafuta sababu ya kwenda. Nilijiambia naenda kumwona mtoto. Nilibeba na kamera ya kuazima.

Mtoto alikuwa anaendelea vizuri kidogo. Ndugu yake mama wa kule Lokitaung alikuwa amemwazima mbuzi wa maziwa, jike jeupe aliyetoka kuzaa, wa kumkamulia mtoto tu, akikauka anarudishwa. Nilimkuta mama anamshika kwa kamba kana kwamba atapaa. Huyu asikauke, aliniambia. Huyu akikauka, sina pa kuazima tena.

Nikazunguka nyuma kwenda kwenye edung. Vichaka vilikuwa vimechipua, majani mapya laini, kijani kweli. Na kuvizunguka vyote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, matawi ya mathenge yamelazwa upya. Si mimi niliyeyalaza. Yalikuwa yamekatwa vibaya vibaya, na mtu asiye na panga la kufaa.

"Uliitoa miiba kwa kunihurumia," mama akasema nyuma yangu. "Niliona. Lakini watu wangesema nimekunyang'anya miti wewe ukiwa mbali. Nikairudisha."

Mikono yake ilikuwa na mikwaruzo mpaka kwenye viwiko. Mbuzi mweupe alikuwa amenyoosha shingo kuelekea majani hadi kamba ikakaza, na mama amemzuia.

"Lisha, mama," nikasema. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno hilo njia nzima kutoka Lodwar. "Mfungulie ale. Ni vyako."

Hakusogea. Akanyoosha fimbo juu ya miiba, akagusa jani la karibu kwa ncha yake, taratibu, akaligeuza. Upande wa chini palikuwa na mayai ya manjano, mapya, yamepangwa vizuri.

"Na hawa?" akauliza.

Ilikuwa rahisi. Ilikuwa neno moja tu, na nilishalitamka. Lakini niliyatazama yale mayai, nikatazama jani la pili na la tatu, na macho yangu yakaanza kukadiria yenyewe kabla sijayakataza. Nilichelewa kumjibu. Haikuwa muda mrefu, ni muda wa mtu kuvuta pumzi, lakini yeye alikuwa ananitazama usoni, na aliona.

Akakaza kanga iliyombeba mtoto. Akamgeuza mbuzi kwa kamba, wakaanza kupanda kando ya laga kuelekea ng'ambo, yeye na goti lake.

"Mama, lisha!" nikapiga kelele. "Nimesema lisha!"

Hakugeuka. Alinijibu kwa sauti ya kunituliza, ile anayotumia kwa mtoto.

"Waache watoto wako wale kwanza," akasema. "Sisi tutatafuta."